Ukifika Uluru, anza kwa wenyewe

*Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, naishi Melbourne na wanangu wawili, wa kike miaka 14 na wa kiume miaka 9. Mwakani mama yangu anakuja kututembelea kutoka Tanga, na watoto wanataka twende naye Uluru, lile jabali jekundu la katikati ya Australia. Nimesoma kwamba ndani ya hifadhi kuna kituo cha wageni kinachoeleza utamaduni wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, na mazingira yao. Nina wasiwasi. Nyumbani niliwahi kupelekwa kwenye boma la kitalii: tukachezewa ngoma, tukauziwa shanga, tukaondoka. Niliona aibu, kama tumekwenda kuwakodolea watu macho, na sitaki wanangu wajifunze hivyo. Halafu mama ni mtu wa kanisa. Amesikia kuna mambo ya mizimu, ameanza kusita. Tena naambiwa ndani hakupigwi picha. Ni kwa sababu wanaamini kamera inachukua roho? Mdogo naye anataka kupanda jabali na kuleta mchanga mwekundu shuleni. Je, kituo kina maana, au tupitilize kwenye jabali? Na twende mwezi wa kwanza au wa saba, maana mama ana presha na magoti yanamsumbua?*

Dada, naomba nianze na ile aibu ya bomani, kwa sababu ukishajua ilitoka wapi, maswali yako mengine yatakuwa mepesi. Hukuona aibu kwa kuwa ulitazama ngoma. Ngoma huchezwa ili itazamwe. Uliona aibu kwa kuwa hukujua ni nani hasa aliyekukaribisha, nani aliyeamua uonyeshwe nini, na ile fedha uliyolipa iliishia mfukoni mwa nani. Kazi yangu ni kufundisha waongoza watalii, na hayo ndiyo maswali matatu ninayowataka wayaulize kabla ya kumpeleka mgeni mahali wanapoishi watu. Basi tuyaulize na kuhusu Uluru.

Ardhi ile ni ya Waanangu, watu wa jangwa la kati wanaozungumza Kipitjantjatjara na Kiyankunytjatjara, na ni yao kwa hati. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1958 serikali iliimega kutoka kwenye eneo lililokuwa limetengwa kwa ajili ya wenyeji, ikaifanya hifadhi ili watalii wapate nafasi. Waanangu hawakunyamaza. Tarehe 26 Oktoba 1985 Gavana Mkuu wa Australia, Sir Ninian Stephen, aliwakabidhi hati ya umiliki palepale chini ya jabali, nao wakaikodisha ardhi hiyo kwa mamlaka ya hifadhi za taifa kwa miaka 99. Tangu hapo hifadhi inaendeshwa kwa pamoja. Bodi yake ina wajumbe 12, na wanane kati yao ni Waanangu. Sehemu ya fedha utakayolipa kama kiingilio inarudi kwao kwa mujibu wa mkataba huo wa kukodisha.

Kituo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1995, hati ilipotimiza miaka kumi. Msanifu wake, Gregory Burgess, alikaa na Waanangu na kuyatoa mawazo ya jengo kwao. Ndiyo maana hutaona jengo la pembe nne. Utaona nyumba mbili zilizojipinda kama nyoka, kuta zake za matofali ya udongo wa hapohapo, na mapaa yanayopanda na kushuka kama matuta ya mchanga. Nyoka hao wawili wana majina na kisa, nami nitakifikia. Kwa sasa nataka uone jambo moja: aliyekukaribisha hapo ni mwenye ardhi, na kila kilichoandikwa ukutani ni kile alichokubali mwenyewe ukijue. Kwa hiyo kituo hakionyeshi watu. Ni mlango wa mbele wa nyumba yao, na mgeni mwenye adabu huanzia mlangoni.

Na hapa nikutahadharishe ili usije ukasikitika kwa sababu nyingine. Huenda mkamaliza matembezi yenu yote bila kuzungumza na Muanangu hata mmoja. Wageni wengi hulalamika kwamba wamekuja mbali hivyo na "hawakuwaona Waaborijini wenyewe". Kijiji cha Mutitjulu kimo ndani ya hifadhi, watu wanaishi humo na watoto wao, na mgeni haruhusiwi kuingia bila kibali. Hayo ni makazi yao, hawakuyafungua kwa watalii, na mimi naona wamefanya vyema. Mkimkuta mzee wa kike amekaa kivulini nje ya duka la sanaa anachora, msalimieni kwa utulivu. Neno *palya* litatosha. Akijibu na kuendelea na kazi yake, basi. Hajanuna. Wengi wao Kiingereza si lugha yao ya kwanza wala ya pili, na kumkazia mtu macho au kummiminia maswali hakuhesabiki kuwa uchangamfu.

Watoto wako watakwenda na mambo waliyoyaona kwenye televisheni, kwa hiyo waandae. Waaborijini si kabila moja. Waingereza walipoanza kuhamia bara lile mwaka 1788 kulikuwa na lugha zaidi ya 250, na Muanangu wa jangwani hana lugha moja na mtu wa pwani ya kaskazini, kama vile Msambaa hana lugha moja na Mjaluo. Ile zumari ndefu ya mti, dijeridu, ambayo kijana wako pengine anaisubiri kwa hamu, asili yake ni kaskazini ya mbali. Katika *inma*, ngoma za Waanangu, mdundo hutokana na vijiti vinavyogonganishwa na sauti za waimbaji. Na msichana wako mkubwa asije akadhani anakwenda kusoma habari za watu wa kale waliotoweka. Watu wameishi katika jangwa lile la kati kwa zaidi ya miaka 30,000, na bado wapo. Baadhi yao ndio askari wa hifadhi.

Sasa picha. La hasha, habari ya kamera kuchukua roho siyo sababu, na ningependa tuache kuwasingizia watu jambo hilo popote duniani. Ukitaka kuelewa, anzia kwenye kile Waanangu wanachokiita Tjukurpa. Humo mna habari za wahenga walioumba nchi walipopita, mna sheria ya namna ya kuishi na jamaa, kuoa, kuwinda na kuwasha moto, na mna ramani ya wapi maji yalipo. Vyote hivyo ni kitu kimoja, na vimefungwa kwenye mahali. Ufa fulani kwenye mwamba, shimo fulani, doa jeusi fulani, kila kimoja ni sehemu ya maelezo. Na maelezo hayo hayatolewi yote kwa kila mtu. Kuna ya wanaume, kuna ya wanawake, kuna ya wazee, na mtu huyapata kwa umri, kwa ukoo, na kwa kustahili. Mama yako atalielewa hili haraka kuliko sisi wengine: amwulize mtu wa Tanga aliyechezwa unyago kama yanayofundishwa ndani husimuliwa barazani, mbele ya wanaume na watoto. Hakuna anayemwona mwanamke huyo kuwa mshirikina kwa kunyamaza. Ananyamaza kwa sababu mafunzo yale yana wenyewe.

Basi fikiria mahali ambapo wanawake tu ndio wanaopaswa kupatazama, kisha mtalii anapiga picha, anairusha mtandaoni, na kijana wa kiume wa Mutitjulu anakutana nayo kwenye simu yake. Yule mtalii amemvunjia mtu sheria bila hata kujua. Ndiyo maana kando ya njia inayozunguka jabali utakuta vibao vinavyoomba usipige picha katika kipande fulani. Mbele kidogo kipande kinakwisha na unaweza kutoa simu tena. Kituoni ombi hilo linagusa maonyesho yenyewe, na ipo sababu nyingine juu ya hiyo. Mtu akifariki, Waanangu huacha kulitaja jina lake na kuondoa picha zake machoni pa wafiwa kwa muda wa msiba. Picha iliyo ukutani, kuifunika ni kazi ya saa moja. Picha iliyo kwenye simu za wageni elfu haifunikiki. Mweleze binti yako hivyo kabla hamjaingia, umpe na daftari. Mtu asiye na kamera mkononi husoma ukuta mzima.

Kuhusu mama na imani yake, nitasema wazi. Hakuna ibada anayotakiwa kushiriki. Hatapakwa kitu, hatanyweshwa kitu, hataombwa ainame wala atoe sadaka. Atasikia watu wengine wanavyoieleza nchi yao, na kusikia si kutambika. Kinachoweza kumshangaza zaidi ni kwamba Waanangu wengi ni Wakristo. Mwaka 1937 kanisa la Presbiteri lilifungua misheni Ernabella, kusini ya Uluru, mahali panapoitwa leo Pukatja. Misheni ile ilijulikana kwa kuwafundisha watoto kwa Kipitjantjatjara badala ya kuwakataza lugha yao, na kwaya yake, iliyoimba tenzi za kanisa kwa lugha hiyo, ilipata jina. Kama mama ni mwanakwaya, mtafutie rekodi zao mtandaoni amsikie mwenzake. Hata hivyo, kama baada ya yote hayo moyo wake bado mzito, usimburute. Kuna mgahawa na vivuli hapo nje, atawasubiri kwa amani.

Sasa kisa cha wale nyoka wawili, na nakieleza kwa kadiri wenyewe wanavyokieleza kwa wageni. Kuniya ni chatu wa kike. Alitoka mashariki amebeba mayai yake shingoni mpaka Uluru. Huku nyuma, mpwa wake alikuwa amekosana na Liru, nyoka wenye sumu, nao wakamfuata wakampiga mikuki. Kuniya alipomkuta shujaa mmoja wa Liru karibu na maji, alimwomba maelezo, yule akamcheka. Kwa uchungu wa mpwa wake Kuniya akampiga kwa fimbo yake mara ya kwanza, akampiga ya pili, na Liru akaanguka. Hayo utayasoma kituoni. Kisha mwendeshe gari kidogo hadi njia ya Kuniya, mwende kwa miguu hadi dimbwi la Mutitjulu, lililo chini ya jabali na si kile kijiji, na mwinue macho: kwenye ukuta wa jabali kuna mpasuko mmoja mfupi na mwingine mrefu zaidi, yale mapigo mawili. Mstari mweusi wenye mawimbi unaoshuka mwambani ni Kuniya mwenyewe. Bila kituo, mngepiga picha ya nyufa na kuondoka. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la msingi, dada. Jabali lina urefu wa mita 348 kutoka uwandani na mzunguko wa kilomita 9.4, na ukipita bila kuanzia kituoni utaona ukubwa wake na rangi yake, vilivyobaki vitakupita.

Mambo ya mazingira nayo ni hivyohivyo. Wengi hudhani kituo kina upande wa utamaduni na upande wa wanyama na mimea, kama makumbusho yetu yalivyogawanywa. Waanangu hawagawanyi, na moto ni mfano mzuri kuliko yote. Uwanda unaozunguka Uluru umejaa spinifeksi, majani magumu yanayoota kwa mafundo yenye ncha za kuchoma. Yana utomvu ndani yake, yakishika moto yanaunguruma hata yakiwa hayajakauka. Zamani watu walipokuwa wakitembea nchi ile waliwasha moto mdogomdogo: hapa wakifukuza windo, pale wakiita jamaa kwa moshi, kwingine wakitaka majani machanga. Nchi ikawa viraka viraka, kiraka cha mwaka huu, cha miaka mitatu, cha miaka kumi. Radi ikipiga wakati wa kiangazi kikali, moto ulikimbia mpaka ukakuta kiraka kilichoungua karibuni, ukakosa chakula, ukafa. Mnyama mdogo naye alipata yote mawili: majani machanga ya kula na mafundo ya zamani ya kujificha.

Watu walipoondolewa au kuvutwa kwenda kuishi kwenye misheni na mashamba ya ng'ombe, moto ule mdogo ulikoma. Majani yakakua pamoja, yakazeeka pamoja. Baada ya miaka ya mvua nzuri, mwaka 1976 moto uliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi. Hapo ndipo wanasayansi walipokaa chini na wazee kuwauliza walikuwa wakifanyaje. Leo askari wa hifadhi na Waanangu huchoma viraka katika miezi ya baridi, wakifuata utaratibu ule wa zamani. Mkienda Julai mkaona moshi kwa mbali au uwanja mweusi kando ya barabara, mwambie kijana wako kwamba hiyo ni kazi ya utunzaji inaendelea.

Kuna mnyama mmoja anayebeba kisa hiki chote, anaitwa mala. Ni jamaa wa kanguru, mwenye ukubwa wa sungura, mwekundu kama mchanga. Moto mkubwa ulimwondolea maficho, na paka na mbweha walioletwa kutoka Ulaya wakamaliza waliobaki, hata akatoweka kabisa pale Uluru. Kwa Waanangu lilikuwa jambo zito, maana Mala ni wahenga pia: ndio waliokuja kutoka kaskazini kufanya *inma* hapo, wakakataa kuikatisha walipoalikwa kwingine, wakatumiwa Kurpany, mbwa wa kutisha, akawatawanya. Mwaka 2005 mala walirudishwa, wakawekwa ndani ya uzio wa hekta 170 usiopenyeka na paka. Hamtawaona, eneo hilo halifunguliwi kwa wageni. Lakini njia ya Mala, kilomita mbili kwenda na kurudi, inapita kwenye mapango ya wahenga hao, likiwemo pango walimofundishwa wavulana, lenye michoro ukutani. Huwa kuna matembezi ya bure njiani humo pamoja na askari wa hifadhi; ulizeni ratiba pale kwenye dawati la kituo.

Kijana wa miaka tisa atauliza kwa nini jabali ni jekundu, nawe uwe na jibu. Ni kutu. Mwamba wenyewe ni mchanga wa chembe kubwa uliogandamana, una chuma ndani yake, na chuma kikikutana na hewa na maji kwa miaka mingi hubadilika rangi. Ndani jabali ni la kijivu, na kwenye baadhi ya mapango rangi hiyo huonekana. Tabaka zake zimesimama karibu wima, na sehemu kubwa ya mwamba imefukiwa chini ya uwanda.

Kupanda haiwezekani. Njia ya kupandia ilifungwa kabisa tarehe 26 Oktoba 2019, kwa uamuzi wa bodi wa mwaka 2017. Kabla ya hapo Waanangu waliomba kwa miaka mingi, kwa vibao na kwa maneno, kwamba wageni wasipande, kwa kuwa njia ile ndiyo waliyopita wahenga wa Mala, na kwa kuwa mgeni akifa kwenye ardhi yao mzigo wa huzuni ni wao. Zaidi ya watu 30 walikufa katika kupanda. Siifichi furaha yangu kwamba mnyororo ule waliokuwa wakishikilia wapandaji umeondolewa. Mwambie kijana kwamba kuzunguka jabali lote ni kilomita 10.6, na akimaliza hizo kwa miguu yake hakuna wa kumwambia hakufanya kitu.

Mchanga nao hauchukuliwi, hata kijiko. Ni kosa kisheria, na kuna jambo la kusikitisha zaidi. Kila mara hifadhi hupokea vifurushi kwa posta kutoka pande zote za dunia, ndani yake vijiwe na mchanga, pamoja na barua za kuomba radhi za watu waliochukua kumbukumbu na baadaye nafsi zikawasuta. Vijiwe hivyo haviwezi kurudishwa vilipotoka, kwa sababu hakuna anayejua hasa vilitoka wapi. Kijana anunue mjusi mdogo wa mti kwenye duka la Maruku, shirika la mafundi linalomilikiwa na Waanangu wenyewe. Vinyago hivyo huitwa *punu*, na nakshi yake huchomwa kwa waya uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu; ukikigusa, mistari myeusi inakwaruza kidole kidogo, na kipya hunukia moshi bado. Uliza jina la aliyekitengeneza na kijiji chake, aandike kwenye kadi. Hicho ndicho kitu cha kusimulia darasani. Ukikuta mahali pengine bumerangi ya bei ya kutupa isiyo na jina la fundi, iache.

Nikueleze pia upungufu wa kituo, usije ukadhani nakipigia debe. Maandishi ni mengi, na mtoto wa miaka tisa akiachwa peke yake atachoka mapema. Si mahali pa vioo vya kubonyeza na michezo. Dawa yake ni kwenda asubuhi, kumpa kazi ya kutafuta Kuniya, Liru, Mala na mjusi Lungkata ukutani, kisha kutoka mara moja na kwenda kuwatafuta kwenye jabali. Ningekuwa nanyi, siku ya kwanza ningeifanya kituo, njia ya Mala na dimbwi la Mutitjulu. Siku ya pili Kata Tjuta, yale majabali 36 yaliyo upande wa magharibi, ambako njia fupi ya Walpa yawatosha. Machweo mtayaona tu, hayahitaji mpango. Nunueni kiingilio mtandaoni kabla. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Droni iacheni nyumbani. Na mkija kwa gari kutoka Alice Springs, karibu kilomita 450, msiendeshe usiku kwa sababu ya kanguru, ng'ombe na ngamia. Mchana mtaona jabali kubwa lenye kichwa bapa upande wa kushoto na watoto watapiga kelele kwamba mmefika. Hilo ni Atila, bado mna safari.

Nauli na malazi ya Yulara, mji wa wageni ulio nje kidogo ya hifadhi, si ya mzaha. Kama mfuko haujaruhusu, usikope. Mko Melbourne, na kusini magharibi ya jimbo lenu la Victoria kuna Budj Bim, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2019. Huko Wagunditjmara walichonga mifereji kwenye mawe ya volkano wakafuga mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kazi yenye umri wa miaka 6,600 hivi, na wenyewe wana kituo chao kando ya ziwa Tae Rak ambako mgeni huandaliwa mkunga mezani. Kwa mama wa Tanga aliyezoea samaki, huenda pakampendeza kuliko jangwa.

Kuhusu mwezi, sina wasiwasi: nendeni wa saba. Januari joto la mchana huzunguka nyuzi 38 na mara nyingine hupita 45; baadhi ya njia hufungwa saa tano asubuhi joto likitabiriwa kufika 36, na nzi hawapumziki. Julai mchana ni kama nyuzi 20, hali ya Lushoto, ila usiku hushuka karibu na sifuri. Mtu wa Tanga hajawahi kuiona baridi hiyo. Mnunulieni koti zito, soksi na kofia ya sufu kabla ya safari, hasa kama mtatoka kuona mapambazuko.

Magoti ya mama yasikutishe. Njia ya Kuniya ni kilomita moja kwenda na kurudi, ni tambarare, hata kiti cha magurudumu kinapita. Ya Mala vivyo hivyo. Presha ndiyo ya kuangalia, na hapa wewe muuguzi unajua kuliko mimi: kama dawa zake zina ya kukojosha, jangwa lile litamkausha hata wakati wa baridi. Aonwe na daktari wake Tanga kabla ya kuondoka, aje na dawa za kutosha pamoja na karatasi iliyoandikwa majina yake. Maji, kila mtu lita moja kwa saa ya kutembea. Akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kuchanganyikiwa, msimalizie njia: kivuli, maji, na msaada. Simu hazishiki kila mahali ndani ya hifadhi, ila kuna vituo vya redio vya dharura sehemu kadhaa. Mvione kwenye ramani mapema. Namba ya dharura ni 000. Zahanati iko Yulara, lakini hospitali ni Alice Springs, na mgonjwa mahututi huchukuliwa kwa ndege. Mama akija kama mgeni hatakuwa na Medicare, bima ya afya ya serikali ya Australia, kwa hiyo mkatie bima ya safari inayotaja waziwazi presha yake na usafirishaji wa dharura, na uikamilishe kabla hajapanda ndege Dar es Salaam.